Adriano hajastaafu Kariakoo

DESEMBA 15, 2024, Adriano Leite Ribeiro aliagwa rasmi kwenye Uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Alikuwa na miaka 42, mwili umeongezeka na kasi imekwisha, lakini mashabiki walikwenda kumpigia makofi straika ambaye Waitaliano walimpachika jina la Kaizari enzi zile akiwa Inter Milan.

Kariakoo taarifa hiyo ni kama haijafika. Kwenye vibanda vya gemu ambavyo bado vinawasha PlayStation 2, Adriano ana miaka 24, yuko Inter, na akigeukia mguu wa kushoto mita 30 kutoka golini, benchi zima linainuka. Kwenye Pro Evolution Soccer 6, gemu iliyotoka mwaka 2006, nguvu ya shuti lake ni 99. Na mwisho wa kipimo ni hiyohiyo 99.

Anayemchezesha mara nyingi ni dogo aliyezaliwa wakati Adriano ameshaondoka Inter. Hajawahi kuona mechi yake hata moja. Anamjua kwa shuti tu, na shuti hilo linamtosha.

Hapo ndipo linakuja swali. Kila shabiki wa mpira anaujua ugonjwa wa kusifia ya kale. Kaa kijiweni dakika kumi, lazima atokee mtu wa kukwambia wachezaji walikuwa zamani, hawa wa leo wanatembea tu. Je, gemu hizi za zamani nazo zinabebwa na kumbukumbu, au ukizipanga leo bado zinapata namba kikosini?

Uzuri ni kwamba mchezaji wa zamani huwezi kumrudisha uwanjani ukampima upya, lakini gemu unaweza. Iko vilevile ilivyotoka kiwandani. Unachomeka waya, unawasha, unahukumu.

ANAYEFUNGWA ANAPISHA

Kibanda cha gemu hakihitaji maelezo marefu kwa aliyekulia Dar es Salaam. Chumba kimoja cha uani au kibaraza kilichozibwa kwa mabati. Pazia mlangoni ili jua lisipige kwenye kioo. TV mbili au tatu, feni moja, benchi la mbao, na mwenye kibanda amekaa karibu na swichi anakusanya sarafu.

Sheria ni moja na haijaandikwa popote: anayefungwa anapisha. Mshindi anabaki na pedi hadi atokee wa kumng'oa. Kibandani hakuna mkubwa wala mdogo. Mtu mzima aliyetoka kufunga duka lake la vitenge anaweza kutandikwa nne bila na mtoto wa darasa la saba, naye atapisha kama wengine, huku akilalamika kwamba pedi aliyopewa R1 yake haishiki. Kisingizio cha pedi mbovu kina umri sawa na gemu yenyewe.

Mwenye kibanda naye ana hesabu zake. Kwenye PES 6 unachagua mechi iwe ya muda gani, kuanzia dakika tano hadi 30. Kwake yeye jibu ni rahisi: mechi fupi, sarafu nyingi. Sare nayo ni hasara kwa foleni, ndiyo maana vibanda vingine mikwaju ya penalti ni lazima na vingine wote wawili wanatoka.

Hesabu hizo Kariakoo ni ngumu kuliko kwingine. Fremu inayotazama Mtaa wa Kongo au Aggrey ni ya nguo, simu na vipodozi, na kodi yake haiwezi kulipwa kwa sarafu za madogo. Kila nyumba ya zamani inayobomolewa kupisha ghorofa inaondoka na kibaraza chake na uani wake, na kibanda cha gemu makazi yake yalikuwa hukohuko. Waliobaki wamejibana nyuma ya maduka. Wengine wamesogea Ilala, Buguruni na Magomeni.

Kwa hiyo kujua kama gemu ya zamani bado inalipa si suala la kujifurahisha tu. Kwa mwenye kibanda ni suala la kodi ya mwezi ujao.

LARCOS NA WENZAKE

Gemu hii ina majina mawili na yote yalifika Bongo. Kampuni ya Konami ya Japan iliiita Winning Eleven kwao, na ilipovuka kwenda Ulaya ikaitwa Pro Evolution Soccer. Wengine wakasema Winning, wengine PES, ugomvi haukuwepo kwa sababu ndani ulikuwa mpira uleule. Aliyesimamia utengenezaji wake kwa miaka mingi ni Shingo Takatsuka, Mjapani ambaye mashabiki wa gemu walimjua zaidi kwa jina la utani la Seabass.

Mpinzani wake alikuwa FIFA ya kampuni ya EA ya Marekani, iliyoanza mwaka 1993. FIFA ilikuwa na hela, na hela ilinunua haki: majina halisi, jezi halisi, nembo halisi. Konami mara nyingi haikuwa nazo. Ndiyo maana enzi za PlayStation ya kwanza beki wa kushoto wa Brazil aliitwa Roberto Larcos. Herufi mbili zimebadilishwa mahali, basi. Nani alidanganyika? Kipara kilikuwa chake, mapaja yalikuwa yake, na faulo ya mita 35 ilipopigwa hakuna aliyeuliza jina.

Kwenye PES 6, Manchester United na Arsenal zilikuwa na majina yao. Liverpool iliitwa Merseyside Red. Chelsea ya José Mourinho, iliyokuwa imetoka kubeba ubingwa wa England mara mbili mfululizo, ikaitwa London FC. Mashabiki wa Chelsea waliotaka kutaniwa hawakuhitaji kusubiri wikiendi.

Dawa ilikuwa ndani ya gemu yenyewe. Kulikuwa na sehemu ya kuhariri, unabadilisha jina la timu, rangi ya jezi, nywele za mchezaji, hata urefu wa soksi. Kazi hiyo ilikula usiku mzima, kisha ikahifadhiwa kwenye memori kadi ya MB 8. Mtu aliyekuwa na kadi yenye majina yote sahihi alitembea nayo mfukoni kama kitambulisho.

WEKA PEDI, TUPIME

Haya, tuache hadithi, tuingie uwanjani.

Cha kwanza ambacho bado kimo ni uzito wa mpira. Kwenye PES 6 mpira haujagundishwa mguuni. Pasi ya mguu usio sahihi inachelewa, pasi ya mgongoni inapotea, na shuti la haraka bila kujipanga linakwenda jukwaani. Anayebonyeza pedi lazima afikirie mwili wa mchezaji umeelekea wapi. Hilo ni somo la mpira wenyewe, na halijachuja.

Cha pili ni tofauti kati ya mchezaji na mchezaji. Ukimpa mpira Andrea Pirlo unapata muda wa kuangalia. Ukimpa Ronaldinho unapata chenga. Ukimpa Claude Makélélé unapata usalama, basi. Hakuna haja ya kusoma namba zao, mkono unahisi. Gemu nyingi zilizokuja baadaye zina nyuso zinazofanana na watu halisi hadi jasho, lakini mara nyingine miguu yao inafanana yote.

Cha tatu ni adhabu ya ujanja wa kipumbavu. Ukikamata R1 ukakimbiza winga wako mechi nzima, kufika dakika ya 70 anatembea. Kocha yeyote wa Ligi Kuu anakubaliana na hilo.

Sasa upande wa pili, kwa sababu bila huo tutakuwa tumerudi kwenye ugonjwa wa kijiweni.

Mchezaji wa PES 6 anakwenda njia nane tu: mbele, nyuma, kulia, kushoto na pembe zake. Kugeuka kwa mduara kamili kulikuja baadaye, FIFA 10 ya mwaka 2009 ikiwa imetangulia. Mtu aliyezoea gemu za leo akirudi kwenye PS2 anaona wachezaji wanakata kona kama daladala kwenye makutano ya Msimbazi na Uhuru. Hiyo ni kasoro ya kweli, haina utetezi.

Makipa nao wana siku zao. Kuna mipira wanayoitema mbele ya straika kana kwamba wamehongwa. Na kuna yale magoli ya kujulikana: mtu anayeishi kibandani anajua kona fulani, krosi fulani, kichwa cha mtu fulani, na anakufunga hivyohivyo mara tatu. Gemu ikishachezwa karibu miaka 20, siri zote zimeisha. Kwa mgeni inakera. Kwa mwenyeji ndiyo raha yenyewe, kwa sababu sasa mchezo ni kuzuia kitu ambacho wote wawili mnajua kinakuja.

Halafu kuna picha. Hapa wengi wanakosea hukumu. PS2 ilitengenezwa wakati watu wana TV za chogo. Ukiichomeka kwenye TV bapa ya leo kwa zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, picha inavutwa hadi inapauka kama khanga iliyofuliwa sana. Mbaya zaidi, TV nyingi bapa zinachukua muda kuichakata picha hiyo. Unabonyeza mraba, mguu unafuata baadaye kidogo. Kwenye mpira hicho kidogo ndiyo goli.

Mtu akicheza hivyo anasema gemu imezeeka, nzito. Irudishe kwenye chogo, mzito anakuwa mwepesi. Wenye vibanda waliong'ang'ania TV zao nene, zilizojaa vumbi nyuma, hawakuwa washamba. Walikuwa wanalinda kasi ya mechi.

Wahamiaji kutoka PES kwenda FIFA wana kilio chao pia. PES unapiga shuti kwa mraba. FIFA, kwa mpangilio wake wa kawaida, shuti ni duara na mraba ni krosi. Wangapi wamebaki na kipa, wakabonyeza mraba kwa mazoea, mpira ukapaa kwenda kwa kibendera cha kona? Jibu liko kwenye kila benchi mjini.

MPYA INAKUJA NA BILI

Hakuna mwenye akili atakayebisha kwamba gemu za PlayStation 5 ni nzuri. Majani yanaonekana jani kwa jani. Jezi inashika mwili. Ukiwa na uwezo, cheza.

Lakini gemu mpya haiji peke yake, inakuja na bili. Inataka intaneti, na faili lake ni makumi ya GB, yaani bando la mwezi la familia. Ukimaliza kupakua, yanakuja masahihisho, nayo yanataka kupakuliwa.

Kisha kuna biashara ya vifurushi. Kwenye FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC baada ya EA na FIFA kuachana, sehemu iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya kujenga kikosi kwa kadi za wachezaji. Kadi unaweza kuzipata kwa kucheza sana, au kwa kununua kifurushi usichojua ndani kuna nani. Ubelgiji waliona hiyo inafanana na kamari, na Januari 2019 EA iliacha kuuza pointi za kununulia vifurushi hivyo katika nchi hiyo.

Linganisha na kibandani. Pale Adriano ni wa yeyote aliyewahi kuchagua Inter. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mbeba mizigo wanakaa na vikosi vilevile, pedi zilezile. Wanachotofautiana ni vidole.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni hadi liwakute. Gemu mpya inaweza kuondolewa. Septemba 2023, EA ilizitoa FIFA za miaka ya nyuma, kuanzia FIFA 14 hadi FIFA 23, kwenye maduka ya mtandaoni. Aliyekuwa nayo alibaki nayo, asiyekuwa nayo imekula kwake. Na sehemu zinazotegemea mitambo ya kampuni huzimwa kampuni ikiamua.

Konami nao walijikwaa. Mwaka 2021 walilizika jina la Pro Evolution Soccer wakaleta eFootball. Ilipotoka Septemba 30 mwaka huo, nyuso za wachezaji zilikuwa za kutisha, mpira unapita kwenye miguu, dunia nzima ikacheka, na kampuni ikaomba radhi. Waliirekebisha baadaye, na leo ina wachezaji wengi kwenye simu. Lakini siku ile watu wengi waliifuta vumbi diski ya zamani.

Si Bongo peke yake. Brazil kuna Bomba Patch, kazi ya mashabiki ambao tangu mwaka 2007 wamekuwa wakiipachika gemu ya PS2 vikosi na jezi za msimu mpya wa ligi yao. Konsoli imekufa kiwandani, ligi ndani yake inaendelea.

FUNDI NDIYE DAKTARI WA TIMU

PS2 ilianza kuuzwa Japan Machi 4, 2000. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150, konsoli iliyouzwa kuliko zote katika historia. Sony waliacha kuitengeneza Januari 2013, na mwishoni mwa mwaka huohuo ikatoka PES 2014, gemu ya mwisho kabisa kwa mashine hiyo. Tangu hapo hakuna PS2 mpya inayozaliwa. Kila inayokufa, kikosi kinapungua.

Anayezuia kikosi kisiishe ni fundi. Kariakoo, ukiacha maduka ya simu ya Aggrey ukaingia kwenye vichochoro na ngazi za majengo, utawakuta na meza ndogo, kikombe cha risasi ya kuchomelea na taa ya kuinamia.

Ugonjwa namba moja ni jicho, ile lenzi inayosoma diski. Mashine inayowashwa asubuhi hadi usiku, kwenye joto la Dar na vumbi la barabarani, jicho lake linachoka. Dalili ni gemu kuganda mchezaji akiwa anajiandaa kupiga penalti. Dawa ya kwanza ni kusafisha, ya pili kurekebisha nguvu ya mwanga, ya tatu kutoa jicho kwenye mashine iliyokufa.

Dawa ya nne ndiyo imeongeza maisha. Memori kadi inawekewa programu maalumu, gemu zinapakiwa kwenye flashi, mashine inaisoma flashi na kuacha jicho lipumzike. PS2 isiyoweza tena kusoma diski hata moja inarudi kazini ikiwa na gemu kadhaa ndani.

Ukweli wote usemwe: diski nyingi zilizojenga utamaduni huu zilikuwa za kuchoma, na mashine zilichipuliwa ili zizikubali. Waliotengeneza gemu hawakupata senti kwenye sarafu ile. Ni deni, na kusifia kibanda hakulifuti.

SISI TULIKUWA WAPI?

Kuna kasoro moja ambayo hakuna fundi wa kuirekebisha. Gemu hizi hazikutujua.

Mwaka 2006, Marcio Maximo alitua kutoka Brazil kuifundisha Taifa Stars, na Temeke ulikuwa unajengwa uwanja mpya wa watu 60,000, huu tunaouita leo Benjamin Mkapa. Mzuka wa mpira ulikuwa umepanda nchi nzima. Kwenye PES 6 ya mwaka huo Tanzania haikuwemo. Simba haikuwemo, Yanga haikuwemo. Klabu mbili zenye majengo yao Mtaa wa Msimbazi na Jangwani, hatua chache kutoka vibanda vyenyewe, zilikuwa hazipo duniani.

Madogo walijitafutia njia. Sehemu ya kuhariri iliyomrudishia Chelsea jina lake ndiyo hiyohiyo iliyovisha timu jezi nyekundu na jezi za kijani na njano. Straika wa Msimbazi alipewa sura ya mtu wa Ureno, kiungo wa Jangwani akakopa mwili wa Mholanzi. Mechi ya watani ikapigwa kwenye kioo bila ruhusa ya mtu.

Halafu kikatokea kituko ambacho hakuna aliyekitarajia. Juni 7, 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia Afrika Kusini, Brazil ilitua Dar es Salaam kucheza na Taifa Stars. Kaká, Robinho, wenyewe, wakitembea juu ya nyasi za Taifa. Kwa kizazi cha kibandani ilikuwa kama pedi imefunguka wachezaji wakatoka. Brazil ilishinda 5-1. Robinho alifunga mawili, Ramires mawili, Kaká moja. La Tanzania alifunga Jabir Aziz kwa kichwa, na kwa sekunde chache zile hakuna aliyekumbuka matokeo.

Miaka sita baadaye Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala aliyepita Simba na TP Mazembe, alijiunga na KRC Genk. Ligi ya Ubelgiji ilikuwamo kwenye FIFA. Mtanzania akawa mchezaji unayemchagua kwenye orodha badala ya kumtengeneza mwenyewe usiku kucha. Alipokwenda Aston Villa Januari 2020 akapanda hadi Ligi Kuu England, na Machi 1 akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City.

Kwa hiyo hapa mpya inaishinda ya zamani, bila ubishi. Lakini ushindi wenyewe haujakamilika. Yanga imecheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba ikacheza ya 2025. Dogo anayetaka kuirudia mechi hiyo kwenye PS2 bado lazima aanze na rangi ya jezi.

LINALOPOTEA BENCHINI

Wazazi hawajawahi kuvipenda vibanda, na wana sababu. Wapo watoto walioacha vipindi vya shule wakaishia nyuma ya lile pazia. Wapo walioanza kuwekeana sarafu, mshindi achukue, na kamari ikishaingia mchezo umekufa. Kibanda kinachomruhusu mtoto mwenye sare za shule saa nne asubuhi hakina cha kujitetea.

Ila kabla ya kushangilia kufungwa kwa vibanda, angalia kilichochukua nafasi yake. Dogo huyohuyo sasa ana simu. Anacheza na mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua, amejifungia chumbani na sauti imezimwa. Akifungwa hakuna wa kumcheka. Akishinda hakuna wa kumpisha. Hajifunzi kungoja zamu, hajifunzi kufungwa mbele za watu akanyamaza, hajifunzi kutaniana na mtu wa Yanga aliyemgusa bega.

Kwenye benchi hayo ndiyo masomo ya siku ya kwanza.

HUKUMU

Turudi kwenye swali. Je, gemu ya zamani bado inapata namba?

Kama unapima kwa macho, hapana. Ipeleke benchi, hata jukwaani. Kama unapima kwa njia nane, makipa wake na majina yake ya kubabaisha, ni mchezaji mwenye mapungufu yanayoonekana. Kama unamtafuta Mtanzania, ilitusahau.

Lakini kama unapima kwa kazi ambayo gemu ya mpira ipo kuifanya, kuwaweka watu wawili bega kwa bega dakika chache na kumtoa mmoja kwa haki, bado inaanza kikosi cha kwanza. Si kwa sababu waliokuwa vijana mwaka 2006 wanaililia. Waliokuwa vijana wakati huo sasa wana biashara zao na watoto wao. Wanaoishikilia leo ni madogo wasio na kumbukumbu yoyote ya kuililia. Hao ndio mashahidi wa kuaminika.

Hatari yake haiko uwanjani. Iko kwenye jicho linalochoka, chogo lisilotengenezwa tena, na kibaraza kinachobomolewa. Gemu itakufa kwa kukosa mahali pa kukaa kabla ya kufa kwa kukosa ladha.

Kwa sasa bado ipo. Jioni LUKU ikiisha katikati ya mechi, kibanda kinapiga kelele, na aliyekuwa anaongoza mbili anadai ushindi wake huku aliyekuwa nyuma akiapa alikuwa anarudi mchezoni. Mwenye kibanda anatuma mtu kununua umeme. Namba zinaingizwa, TV inalia, mashine inawaka.

Haiulizi nywila wala bando. Inauliza kitu kimoja tu, unachukua timu gani. Mshindi anachukua Inter.